Mchuzi wa Fulu wa Bibi Yake Akoth

Nyinyi vijana mnaosomea upishi mnanichekesha. Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka chuoni Migori na daftari jipya, akaketi mbele yangu, akauliza, "Babu, mchuzi wa fulu unataka gramu ngapi za karanga?" Nikamwambia gramu sizijui, najua kiganja, tena kiganja chenyewe ni cha mtoto wa miaka mitano. Akamgeukia bibi yake, kama anayeuliza huyu mzee ameanza lini mambo haya. Basi nimeona afadhali niwaeleze wote kwa mara moja. Mchuzi huo sikufundishwa na mama yangu wala na mpishi yeyote, na siwezi kuwapa bila kusema niliupata kwa nani.

Mimi ni Omolo, na nilikuwa mpishi wa hospitali ndogo ya misheni, njia ya kutoka Lambwe kuteremkia Sindo. Hiyo ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya, na huku kwetu kote, Migori na Homa Bay, kukiitwa South Nyanza. Hospitali ilikuwa na wodi tatu, na jiko lake lilikuwa banda la mabati lenye mafiga makubwa ya mawe. Mnaowasha gesi kwa kidole hamjui raha mnayoila. Mimi siku yangu ilianza kwa kupuliza kuni mbichi mpaka macho yawe mekundu.

Mjue pia kwamba kwa Wajaluo mwanamume hakuwa mtu wa kuonekana mekoni. Nyumbani nikisogelea chungu mama alinifukuza na mwiko mkononi. Kazini nilivaa aproni na kupikia wagonjwa sitini. Nilipoenda likizo, wenzangu wa rika waliniuliza kama nimeanza na kusuka nywele. Niliwaacha waseme. Walipougua wao na kuletwa wodini, waliupokea uji wangu kwa mikono miwili.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Abuto, mpishi mkuu, ambaye alikuwa amepikia askari wakati wa vita vya Wazungu. Hakuwa mtu wa maneno. Mwezi wangu wa kwanza niliunguza sufuria nzima ya uji, na kwa ushamba wangu nikachukua mwiko nikaanza kukwangua chini ili nichanganye, nikidhani harufu itapotea. Abuto alinishika mkono. "Umeunguza chini tu," akasema, "sasa unataka kuunguza na juu?" Akanionyesha: uji ukiungua, usiuguse. Epua sufuria, mimina ule wa juu polepole kwenye sufuria nyingine, wa chini uuache ulipo. Leo bado naona wapishi wenye vyeti wakikwangua.

Siku nyingine nilitia chumvi mara mbili kwenye maharagwe, kwa sababu nilikuwa nikipiga soga na mchota maji. Abuto alionja, akaninyooshea kijiko na kusema nile sahani mbili mbele yake. Nilikunywa maji siku hiyo mpaka nikaogopa. Tangu wakati huo chumvi naitia mwisho, tena nikiwa nimefunga mdomo.

Sasa nije kwa Akoth.

Wodi ya watoto ilikuwa na watoto waliovimba miguu na nywele zao zikageuka rangi ya kutu, kwa sababu walikula muhogo mtupu siku nyingi bila samaki wala maziwa wala maharagwe. Dawa yao kubwa ilikuwa chakula, na chakula hicho kilitoka kwangu. Kulikuwa na karatasi ukutani: maziwa ya unga vikombe kadhaa, sukari, mafuta ya kupikia, maji yaliyochemka. Nilivichanganya kila asubuhi na kuvipeleka kwa Nesi Robi. Huyu alikuwa Mkuria wa upande wa mpakani, dada mkali mwenye roho laini, na kwa sababu yake sote pale tuliongea Kiswahili.

Akoth aliletwa na bibi yake kutoka upande wa Sindo, amebebwa mgongoni kwa shuka. Alikuwa na miaka mitano lakini uzito wake ulikuwa wa mtoto wa miwili. Mama yake alikuwa amefariki akijifungua, na kile kichanga kilikuwa kimebaki kwa jirani. Kwa hiyo yule bibi hangeweza kukaa wodini kama mama wengine. Alimlaza Akoth kitandani, akamwinamia sikioni akamwambia jambo, kisha akaondoka bila kugeuka nyuma. Alikuwa ametuahidi kwamba atarudi kichanga kikipata nguvu.

Kuanzia siku hiyo Akoth alifunga mdomo.

Nesi Robi alimpelekea maziwa, akafunga mdomo. Akaketi naye kitandani, akamtazama, akahesabu kijiko kimoja, akasubiri. Mtoto alimtazama tu kwa macho makubwa. Jioni Nesi akaja jikoni.

"Omolo, huyu mtoto anakataa. Wewe ni Mjaluo mwenzake, kuja uongee na yeye."

Nilienda. Nilimbembeleza kwa Kijaluo, nikamwita mama yangu mdogo, nikamwita malkia wa Sindo. Nikaongeza sukari kwenye maziwa. Nikajifanya nayanywa mimi mwenyewe na kulamba midomo. Hakuna. Siku ya tatu nikaja na akili nyingine kubwa: niliwakusanya watoto wote waliokuwa wakitembea, na mama zao, wakazunguka kitanda chake ili wamshangilie akimeza. Walipiga makofi wakamwimbia. Akoth alivuta blanketi mpaka juu ya kichwa.

Kulikuwa na ishara, lakini hatukuiona. Maji alikunywa, ila chini ya blanketi. Mara mbili kikombe cha maziwa kilichosahauliwa kando ya kitanda kilikutwa kimepungua, na sisi watu wazima tukakubaliana kwamba ni paka. Mzee Abuto hata alitega mtego.

Siku ya tano ilikuwa Jumatano. Nesi Robi alikuja jikoni akaketi kwenye gogo la kupasulia kuni, akalia waziwazi. Daktari alikuwa akija kila Ijumaa kwa Landrova, na amri yake ilijulikana: mtoto asiyekula anapelekwa hospitali kubwa, safari ya siku nzima.

"Na hii mvua, na hiyo barabara," Nesi akasema, "huyo mtoto hawezi fika. Atatufia kwa gari, Omolo."

Niliogopa, nawaambia ukweli. Nilikuwa na mtoto wangu wa umri uleule nyumbani, na usiku nilipofumba macho niliwaona wote wawili wana uso mmoja.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na baridi ya mvua. Nilimwomba Nesi ruhusa, nikambeba Akoth ndani ya blanketi lake nikamleta jikoni, si kwa hekima yoyote, nilitaka tu apate joto la moto. Nikamweka juu ya gunia la kunde karibu na mafiga, nikaendelea na kazi yangu. Siku hiyo tulikuwa tunawapikia wafanyakazi fulu. Wengi wenu hamjawaona fulu. Walikuwa samaki wadogo wa ziwa letu, wafupi kama kidole, waliokaushwa juani, na zamani walikuwa kila mahali. Nikaweka karanga kwenye kinu nikaanza kutwanga.

Nikasikia sauti nyembamba nyuma yangu. Akoth alikuwa anacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilikuwa kama kikohozi, lakini kilikuwa kicheko.

"Unacheka nini?" nikamuuliza. Tulikuwa tukisemezana kwa Kijaluo, nyinyi nawaelezea kwa Kiswahili.

"Mwanamume anatwanga," akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aletwe. Kisha akaongeza, "Na hajui."

Mzee Abuto aliacha kupasua kuni. Mimi nikasimamisha mchi hewani. "Sijui vipi?"

"Hujakaanga. Dani anakaanga kwanza." Dani ndiye bibi, kwa lugha yetu.

Hapo nikapata mwalimu wa pili. Nilizitoa zile karanga kinuni, nikazitia kwenye kikaango juu ya moto mdogo, na yeye akiwa juu ya gunia lake akaniamrisha nigeuze, nigeuze, nisiache. Alinusa. Akasema tayari. Alitaka azisugue mwenyewe ili maganda yatoke, nikamwekea ungo mapajani, akasugua kwa viganja vile vilivyovimba, akipuliza maganda yakaruka yakamwingia Abuto machoni. Abuto alijifuta macho. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeumwa jino likapona.

Andikeni sasa, kwa sababu mapishi yenyewe ni haya. Karanga kiganja kimoja cha mtoto kwa kila mlaji, zikaangwe, zisuguliwe, zitwangwe mpaka zianze kutoa mafuta. Fulu watoe vichwa na uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili. Maji ya moto yanafungia ule uchungu ndani. Kisha wapitishe kwenye kikaango kikavu hadi harufu ya juani iondoke. Karanga zikorogwe kwanza na maji baridi kwenye bakuli, ndipo uzimimine chunguni, usipofanya hivyo utapata madonge. Koroga kwa moto mdogo. Mimi niliona povu nikataka kutia samaki, Akoth akapiga kelele.

"Bado! Ngoja mafuta yapande juu."

Tukangoja. Mafuta yalipopanda, akataka kuhesabu fulu. Nikamuuliza wangapi. Akasema niweke mkono wangu juu ya ungo, vidole vikiwa wazi. Akaweka fulu mmoja kwenye kila kidole changu. Akamwita Abuto naye aweke wake. Kisha akaweka mkono wake mwenyewe, fulu watano. Akauondoa, akaurudisha tena palepale, akapanga wengine watano.

"Hawa ni wa nani?" nikauliza.

"Wa Dani. Akija."

Kwao ndivyo walivyopima: kila mtu wa nyumbani anaweka mkono, kila kidole na samaki wake, hata aliyesafiri. Nilitafuta kitu cha kufanya kwenye moto ili nisionekane uso. Mwisho akaagiza maziwa ya kuganda, kikombe kidogo, na chumvi kidogo sana. Nikasonga ugali laini wa mtama na muhogo. Jikoni pale palinukia nyumbani, si hospitali.

Nikampakulia kwenye bakuli, nikamwekea mapajani, nikachuchumaa mbele yake. Akoth alilitazama bakuli, akameza mate, niliyaona yakishuka kooni. Kisha akalifunika bakuli kwa viganja vyote viwili.

"Kula, mama. Si wewe uliyepika?"

Akavikaza viganja juu ya bakuli.

"Unaona ubaya gani?"

"Macho yako," akasema kwa sauti ya chini.

"Macho yangu yana nini?"

"Dani alisema nisile macho ya watu yakiwa kwenye chakula changu. Mpaka arudi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi mwana wa Kijaluo! Kwetu wako watu wanaosemwa kuwa na jicho baya; mmoja wao akikutazama unapokula, chakula kinageuka maumivu tumboni na mtoto anaweza kufa. Hujui ni nani, kwa hiyo mtoto analindwa dhidi ya wote. Mama yangu alinifunika kwa ungo kila mgeni alipoingia nikiwa nakula. Nililishwa nyuma ya ghala mpaka nikaota meno ya ukubwani. Kisha nikavaa aproni, nikasoma karatasi ya ukutani, nikasahau. Siku tano nilisimama juu ya mtoto huyu nikimkodolea macho mdomoni, na nilipoona hali imekuwa mbaya nikaenda kuita macho mengine ishirini. Yule bibi alimwinamia sikioni ili amwokoe, na mtoto alikuwa anatii.

Kama jicho baya lipo au halipo, mtabishana wenyewe na wasomi wenu. Mimi nilikuwa na mtoto mwenye njaa mbele yangu. Nilisimama, nikamgeuzia mgongo, nikatazama ukuta wa mabati. Nikamwambia Abuto, "Mzee, geuka." Akageuka bila kuuliza, akatazama rundo la kuni.

Wakati huohuo Nesi Robi akaingia na daftari lake la vijiko.

"Amekula? Ngapi?"

Nilimshika mabega, Mungu anisamehe, nesi wa watu, nikamzungusha akatazama ukutani kando yangu. "Usiangalie, Sista. Nakuomba. Usiangalie."

"Omolo, umeshikwa na nini?"

"Nyamaza tu."

Tukasimama watu wazima watatu tukitazama kuni na mabati, kama watoto wa shule waliopewa adhabu. Mvua ilikuwa inapiga juu ya paa. Nilisikia moto, nilisikia Abuto akipumua kwa pua. Kisha nikasikia mtoto akifikicha ugali. Halafu ukaja ule mlio wa mtu anayefyonza mchuzi vidoleni. Ukaja tena. Ukaja mara nyingi. Nesi Robi alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma, na hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu.

"Nimemaliza," Akoth akasema. "Geukeni."

Nikaketi chini kwenye majivu. Nilicheka na machozi yananitoka, wala sikuona haya. Bakuli lilikuwa jeupe.

Ijumaa daktari alifika, tope mpaka kwenye madirisha ya gari. Alimpima Akoth, akafungua daftari la Nesi akakuta neno moja limeandikwa: amekula. Akauliza vijiko vingapi.

"Hatukuangalia, Daktari," Nesi Robi akajibu.

Ilibidi aelezwe, na maelezo yalichukua muda, lakini hakumpeleka mtu mahali. Wiki iliyofuata Nesi alitundika shuka kuukuu kwenye kamba kati ya vitanda, na wakati wa chakula zilivutwa. Si kila mtoto aliyekataa chakula alikataa kwa sababu hiyo, msije mkadhani. Lakini wawili wengine walianza kula siku ileile, na mimi nilijifunza kumuuliza kila mama, kabla sijawasha moto, huyu kwenu anakula vipi, na nani, akiketi wapi. Hilo halikuwemo kwenye karatasi ya ukutani. Karatasi yenyewe sikuitupa: asubuhi maziwa, mchana mchuzi wa Akoth, na yeye akinisimamia. Nywele zake zilianza kuwa nyeusi kwenye mizizi, na uvimbe wa miguu ukashuka.

Bibi yake alirudi baada ya majuma manne. Mvua ilikuwa imefunga njia na kichanga kilikuwa kimeugua, kwa hiyo hakupata habari na hakuleta habari. Niliwaona nikiwa mlangoni mwa jiko: yeye mbele, na nyuma yake mwanamume akisukuma baiskeli iliyofungwa ubao mrefu kwenye kiti cha nyuma. Chini ya kwapa yule bibi alikuwa na kitambaa cha marekani, cheupe, kipya, kimekunjwa. Niliuelewa ule ubao, nikakielewa na kile kitambaa: walikuja kuchukua maiti.

Hakunisalimia. Alitazama pembeni yangu, akauliza kwa utulivu, "Mmemweka wapi mtu wetu?"

"Yuko nyuma ya jiko, mama," nikasema. "Anachambua fulu."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Nadhani angenipiga, lakini Akoth alikuwa amesikia sauti. Alitoka mbio akizunguka pembe ya banda, kwa miguu yake mwenyewe, mikono imejaa magamba ya samaki. Yule bibi hakupiga kelele wala hakumkumbatia. Aliketi palepale njiani kwenye tope, akayashika yale magoti madogo, akayabonyeza kwa dole gumba, moja, halafu jingine, akitafuta uvimbe. Kisha akaweka paji lake la uso juu ya magoti hayo na mabega yakaanza kutikisika. Mwanamume wa baiskeli alifungua kamba, akautoa ule ubao kwenye kiti, akauegemeza kwenye ua wetu, akauacha hapo.

Walipokuwa wanaondoka mvua nyepesi ilianza tena. Akoth hakuwa na nguo nzuri, alikuwa na ile ya wodi tu, na hiyo ilipaswa kubaki. Bibi yake akakunjua kile kitambaa cha marekani, akakitikisa, akamzungushia mwilini na kukifunga fundo nyuma ya shingo. Kilikuwa kimekatwa kwa urefu wa kumfunika mwili wote. Kwa hiyo kilimfika miguuni kikazidi, na mtoto akawa anakiinua kwa mikono miwili ili asikikanyage, akitembea mbele ya baiskeli kurudi Sindo, na anamwambia bibi yake kitu kirefu ambacho sikukisikia.